Mifupa ya Tendaguru na Kijana Mwenye Simu: Jinsi ya Kusanifu Makumbusho Yanayowavuta Vijana

Katika ukumbi mkubwa wa makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin, Ujerumani, imesimamishwa mifupa ya mnyama mwenye kimo cha mita 13.27. Wanasayansi humwita Giraffatitan brancai. Sisi wa mkoa wa Lindi tumezoea kumwita mjusi wa Tendaguru. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na mifupa yake ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, takribani kilomita 60 kutoka Lindi mjini, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kijana wa Berlin anaweza kuingia katika ukumbi huo baada ya kazi, akamtazama mnyama huyo na kutoka akijua aliishi vipi na alikula nini. Kijana wa kwetu, aliyezaliwa karibu na mahali mnyama huyo alipofia, mara nyingi amelisikia jina tu.

Suala la kurejeshwa kwa mifupa hiyo limejadiliwa mara nyingi, hata bungeni, na makala hii haikusudii kuliingilia. Inakusudia kueleza jambo lililo karibu zaidi na uwezo wetu. Historia ya Tendaguru, ya Kilwa na ya Vita vya Maji Maji ingali mikononi mwetu, na teknolojia ya kidijitali inaweza kutusaidia kuwasimulia vijana wetu kwa namna itakayowavutia. Hata hivyo, teknolojia hiyo hiyo inaweza kula fedha za umma bila kumleta kijana hata mmoja. Tofauti hutokana na usanifu, na usanifu ni jambo ambalo kila mwananchi anaweza kulielewa na kulitolea maoni.

Kwa nini kijana hupita mlangoni

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtambua kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Katika kundi hilo, wanafunzi wa shule huletwa makumbusho na walimu wao. Wanaopotea ni wale waliokwisha kumaliza shule: mwendesha bodaboda, mama kijana mwenye genge, fundi simu, mwanachuo aliye likizo, kijana anayesubiri msimu wa korosho. Hao hakuna wa kuwapeleka. Wataingia makumbusho kwa hiari yao, au hawataingia kabisa.

Sababu za kutoingia si ngumu kuzitambua. Makumbusho mengi hufunguliwa saa za kazi na kufungwa jioni, wakati ambao kijana ndiyo kwanza anapata nafasi. Maelezo yaliyobandikwa ukutani ni marefu na yameandikwa kwa lugha ya kitaalamu. Vitu vimefungiwa ndani ya kioo na mgeni anatakiwa kunyamaza na kutogusa, ilhali vijana hutembea kwa makundi na hufurahia kuzungumza na kucheka pamoja. Zaidi ya hayo, wengi wanaamini kuwa makumbusho ni mahali pa watalii na wanafunzi. Skrini kubwa peke yake haiondoi hata kikwazo kimoja kati ya hivi.

Nini maana ya maonesho shirikishi

Neno hili hutumiwa mara nyingi bila kufafanuliwa. Maonesho shirikishi ya kidijitali ni yale ambayo kitendo cha mgeni hubadilisha anachokiona au kukisikia. Runinga iliyotundikwa ukutani ikirudia filamu ile ile tangu asubuhi hadi jioni haishirikishi, hata ikiwa ya bei kubwa. Kinyume chake, sanduku lenye kitufe kimoja kinachomwezesha mgeni kuchagua ni mzee gani atakayemsimulia habari ya kijiji chake linashirikisha, hata likiwa limetengenezwa na seremala wa mtaani na kuunganishwa na kipaza sauti kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la msanifu si, “Tununue kifaa gani?” Swali ni, “Mgeni atafanya nini, na akishafanya atagundua nini?”

Mfano wa Berlin

Ukumbi wa dinosaria wa Berlin ulifunguliwa upya mwaka 2007 baada ya ukarabati. Pamoja na mifupa, viliwekwa vyombo vinavyofanana na darubini. Mgeni huielekeza darubini kwenye mifupa iliyo mbele yake, na kupitia kioo huiona mifupa hiyo ikijaa misuli, kisha ikavikwa ngozi, kisha mnyama akaanza kutembea katika mazingira ya zama zake. Baada ya muda mfupi mnyama hurudi kuwa mifupa kama alivyokuwa.

Usanifu huu una mafunzo matatu. Kwanza, chombo hakishindani na mifupa. Kinaanza na kitu halisi kilicho mbele ya mgeni na kumrudisha papo hapo kwenye kitu hicho, akiwa na macho mapya. Pili, chombo kinajibu swali moja tu, ambalo kila aingiaye huwa nalo: mnyama huyu alipokuwa hai alifananaje? Hakijaribu kueleza kila kitu. Tatu, hakihitaji maelekezo. Kila mtu anajua kuwa darubini hutazamwa kwa jicho, na hivyo hakuna anayeona haya ya kukosea mbele ya wenzake.

Mafunzo kutoka kwingine

Mwaka 2013, makumbusho ya sanaa ya mji wa Cleveland nchini Marekani yalifungua ukumbi ulioitwa Gallery One. Humo palikuwa na ukuta wa skrini wenye urefu wa takribani mita 12, ulioonesha picha za maelfu ya vitu vya makumbusho hayo na kumruhusu mgeni kuzigusa na kuzichagua. Mahali pengine katika ukumbi huo mgeni alitakiwa kuuiga kwa mwili wake mkao wa sanamu, na mtambo ukampima amekaribia kiasi gani. Mtu anayejaribu kusimama kama sanamu hulazimika kuitazama kwa makini mkono uko wapi, bega limeinamaje, uzito uko mguu gani. Wenzake humcheka, kisha nao hujaribu. Kicheko hicho ni sehemu ya usanifu, kwa kuwa kimemfanya kijana aitazame sanamu kwa muda ambao asingeitazama kwa kuamrishwa. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 2017 makumbusho hayo yaliupanga upya ukumbi huo. Hata penye uwezo mkubwa, mitambo huchakaa na mawazo hubadilika.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mazingira yetu. Mwaka 2017, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco yaliwaalika watu kutuma ujumbe wa simu wenye maneno “nitumie” na kufuatiwa na neno lolote, kama vile bahari au huzuni. Mtumaji alijibiwa kwa picha ya kazi ya sanaa inayohusiana na neno hilo. Makumbusho hayo yana kazi zaidi ya 34,000, na kumbi zake zinaweza kuonesha takribani asilimia 5 tu. Mamilioni ya ujumbe yalitumwa. Hapakuhitajika programu mpya ya kupakua wala akaunti ya kufungua, kwani kila mtu alikwisha kujua kutuma ujumbe.

Mfano wa tatu unatoka makumbusho ya Brooklyn, New York. Kuanzia mwaka 2015, mgeni aliyesimama mbele ya kitu aliweza kuandika swali lake kwenye simu, na mtaalamu wa makumbusho akamjibu papo hapo. Teknolojia ilikuwa njia tu ya kupitishia mazungumzo, na kilichothaminiwa ni kumpata mtu mwenye ujuzi anayesikiliza swali lako. Huduma ya namna hiyo inawezekana hata kwa kundi la WhatsApp, mradi awepo mtumishi aliyepangiwa kujibu kwa saa zilizotangazwa.

Na hapa mkoani, magofu ya Kilwa Kisiwani yamekwisha kupimwa kwa miale ya leza na watafiti wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao hutengeneza mifano ya kidijitali ya majengo ya kale barani Afrika. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014. Vipimo kama hivyo huwasaidia wahifadhi kujua ukuta umeharibika kiasi gani. Vilevile humwezesha kijana aliye mbali na bahari kuuona Msikiti Mkuu kwenye skrini kabla hajapanga safari ya kwenda kuutazama kwa macho yake.

Hatua za kusanifu: tuchukue Tendaguru

Ili maelezo haya yasibaki hewani, tuchukue mfano wa chumba kimoja kidogo cha makumbusho katika wilaya, chenye umeme, meza chache na bajeti ya kawaida. Tuseme chumba hicho kinataka kuwasimulia vijana habari ya Tendaguru.

Hatua ya kwanza ni kuwasikiliza vijana kabla ya kuandika chochote. Afisa anakwenda kijiweni, stendi na chuoni akiwa na picha tatu au nne za uchimbaji wa Tendaguru, kisha anauliza, “Ukiona picha hii, unataka kujua nini?” Yaelekea wachache watauliza jina la kisayansi la mnyama. Maswali yanayoweza kujitokeza ni kama haya: Hawa waliobeba ni akina nani? Walilipwa? Kwa nini mifupa ilikwenda Ulaya?

Hatua ya pili ni kuchagua swali moja. Tuchukue la wabebaji. Msafara wa Wajerumani uliongozwa na wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini kazi ya kuchimba, kufunga na kubeba ilifanywa na Waafrika, ambao idadi yao ilifikia takribani 500 mwaka 1912. Walianza kazi hiyo miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kwa jumla ilisafirishwa zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti, na mwaka 2019 dinosaria mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mifupa yake. Kijana wa Kimwera ana haki ya kujua kwamba jina la watu wake limo katika vitabu vya sayansi duniani.

Hatua ya tatu ni kuchagua kitendo. Badala ya kuandika ukutani kwamba mizigo ilikuwa mizito, chumba kinaweza kuweka furushi lililofungwa kwa mianzi, lenye uzito wa kumtosha mtu mzima. Chini yake panafichwa kitambuzi kidogo cha uzito. Mgeni anapolinyanyua, sauti inaanza kusimulia safari: kuondoka kilimani, kuvuka mto, kulala njiani, hadi kuiona bahari. Anapolitua, sauti inanyamaza. Atakayetaka kusikia mwisho wa safari itambidi ambadilishane mzigo mwenzake, kama wabebaji walivyosaidiana. Kifaa hicho kinahitaji kitambuzi, kipaza sauti na kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kiganja. Vijana wa vyuo vya ufundi wanaweza kukiunda. Mgeni asiyeweza kunyanyua mzigo, kwa sababu ya ulemavu, ujauzito au umri, awekewe kitufe cha kuianzisha sauti hiyo hiyo.

Hatua ya nne ni kujaribu kwa vitu duni kabla ya kununua vya thamani. Kabla ya kununua kitambuzi, mtumishi mmoja anaweza kujificha nyuma ya pazia akiwa na simu yenye sauti iliyorekodiwa. Mgeni akinyanyua mzigo, anabonyeza, akitua, anasimamisha. Wakialikwa vijana kumi kujaribu, itajulikana mapema kama masimulizi ni marefu mno, kama mzigo ni mzito kupita kiasi, au kama hakuna anayeelewa kuwa anatakiwa kunyanyua. Kosa lililogunduliwa kwa furushi na pazia hurekebishwa alasiri moja. Likigunduliwa baada ya zabuni, hurekebishwa kwa fedha za mwaka mwingine.

Hatua ya tano ni kupima matokeo kwa vigezo vya kweli. Idadi ya waliokuja siku ya ufunguzi haitoshi, kwani siku hiyo watu huja na wageni rasmi. Tujiulize: Je, kijana alirudi, na akamleta mwenzake? Alikaa dakika ngapi? Akiulizwa mlangoni wakati wa kutoka, anaweza kueleza jambo moja alilolijua humo?

Mitego ya kuepuka

Mtego wa kwanza ni intaneti. Tusimtegemee kijana atumie bando lake kupakua video nzito. Kompyuta ndogo iliyowekwa chumbani inaweza kurusha mtandao wa ndani usio na malipo, na simu ya mgeni ikafungua picha na sauti bila kutoka nje ya jengo. Kwa mwenye simu ya kitochi ziwepo sauti na vitufe vya chumbani, asijione ameachwa.

Mtego wa pili ni matengenezo. Skrini iliyozimika na kubandikwa karatasi ya “mbovu” humfundisha mgeni kuwa mahali hapo pametelekezwa. Bajeti ya kifaa chochote lazima iwe na fungu la matengenezo kila mwaka, ulinzi dhidi ya umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, pamoja na jina la mtu anayewajibika. Kama fungu hilo halipo, ni heri kuwa na vifaa viwili vinavyofanya kazi kuliko kumi vilivyokufa.

Mtego wa tatu ni ukweli. Simulizi inayovutia inaweza kumshawishi mwandishi kumtungia Boheti bin Amrani maneno ambayo hakuna anayejua kama aliyatamka. Jambo lililothibitishwa lisemwe kama lilivyo, na lililobuniwa litangazwe kuwa limebuniwa. Vijana wakigundua wamedanganywa katika jambo moja, hawataamini mengine.

Mtego wa nne ni faragha. Makumbusho yanayokusanya namba za simu, picha au sauti za wageni yanabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgeni aelezwe taarifa zake zitatumika kwa nini, na ikiwezekana zisikusanywe kabisa.

Mtego wa tano ni saa. Hakuna usanifu utakaomvuta mtu kwenye mlango uliofungwa. Kufungua hadi saa 2 usiku mara moja kwa wiki kunaweza kuleta vijana wengi zaidi kuliko kifaa chochote kilichotajwa hapa, na gharama yake ni ndogo.

Nafasi ya vijana na ya wananchi wote

Vijana wasiishie kuwa wageni wa makumbusho. Wapo wanaochora, wanaotengeneza video, wanaoandika programu za simu na wanaojua kurekodi sauti. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa chenye biashara ya picha, sauti au programu kinaweza kuomba mkopo huo kama vinavyoomba vikundi vya ufugaji na ushonaji. Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndio wa kuonwa kwa maelekezo.

Wazee nao wana kazi. Mtu aliyesikia habari za wabebaji kutoka kwa babu yake leo ni mzee sana. Sauti yake ikirekodiwa kwa ridhaa yake, kwa Kiswahili au kwa Kimwera, itakuwa hazina ambayo hakuna makumbusho ya ng’ambo yanayoweza kuinunua. Kijana mwenye simu anaweza kuanza kazi hiyo nyumbani kwao, kwa kuandika jina la msimulizi, kijiji, tarehe na nani alimsimulia.

Kwa wale wanaolima au kuchimba katika maeneo yenye mabaki ya kale, tunakumbusha kuwa mifupa iliyogeuka mawe, vigae na magofu vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale. Ukikutana navyo, usivichimbue, usiviuze, wala usivihamishe. Weka alama mahali hapo na utoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Mfupa ulioondolewa mahali pake bila kumbukumbu hupoteza sehemu kubwa ya habari ambayo ungewapa wataalamu.

Mwisho, mipango ya maendeleo huanzia chini. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na hoja zinazotoka huko hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye katika Baraza la Madiwani. Kijana anayetaka makumbusho yenye uhai katika wilaya yake asisubiri kuulizwa. Ahudhurie mkutano ujao na aseme ni swali gani kuhusu historia ya hapa ambalo angependa kulipatia jibu. Mtendaji ataliandika katika muhtasari, na msanifu yeyote makini ataanzia hapo.